Begi la mtu, kiroba cha mzigo, ndoo ya sumu

Wiki hii naweka pembeni viwavijeshi na mbolea ya kukuzia. Nataka tuongee habari ya begi. Najua wapo watakaocheka kwamba bwana shamba ameishiwa mada. Lakini mtu anayetoka Haubi, Pahi, Busi au Bereko kwenda Kondoa mjini kufuata pembejeo, au anayelala Dodoma usiku mmoja ili afungashe bidhaa za duka lake, mali yake yote ya safari hiyo imo ndani ya kitu kimoja alichobeba begani. Fedha imo humo, na mbegu, na karatasi za hospitali, na mkate wa watoto. Kitu hicho tunakinunua bila kukifikiria, kisha tunakijaza bila mpangilio wowote.

Msimamo wangu ni huu, na wasiokubaliana nao waniambie tukikutana mnadani: begi ni la mtu, kiroba ni cha mzigo, na sumu haikai kwenye kimojawapo kati ya hivyo viwili. Sumu ina chombo chake. Anayechanganya vitu hivyo vitatu ndani ya begi moja, hata likiwa begi la bei kubwa kiasi gani, amenunua hasara.

Tuanze na sumu, maana hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Mtu anaingia duka la pembejeo. Ananunua dawa ya wadudu ya maji, chupa ya nusu lita. Anachukua dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka, na sumu ya panya ile ya vipakiti vidogo. Vyote vinaingia kwenye begi. Akitoka hapo anapita dukani kuchukua sukari na mkate, labda na biskuti za watoto. Navyo vinaingia kwenye begi lilelile, juu ya dawa. Anapanda bodaboda, barabara ya vumbi saa nzima au zaidi, chupa inagongana na tochi na betri. Kifuniko kinalegea kidogo. Dawa haimwagiki kwa kuonekana, inalowesha tu. Harufu akiisikia anasema ni ya dukani.

Sasa fikiria anavyofika nyumbani. Nani wa kwanza kufungua begi? Wote tunajua. Mzazi akirudi safari watoto humkimbilia, wanampokea begi na kutafuta zawadi ndani. Hilo ni jambo zuri katika malezi yetu na sitaki liishe. Lakini mkono wa mtoto wa miaka minne ndio unaoingia kwanza mahali palipokaa sumu. Hajui kusoma lebo. Vipakiti vya sumu ya panya vina rangi za kuvutia, na nyingine ni punje zinazofanana kabisa na nafaka au peremende. Kwa hiyo ukiniuliza begi bora ni lipi, jibu langu la kwanza ni lile ambalo mtoto akiliingiza mkono hapati madhara.

Chombo cha sumu ni ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Ya lita 10 inawatosha wengi wetu. Chukua ile iliyokuwa na rangi ya nyumba, au nunua mpya, ichore alama ya hatari kwa rangi nyekundu, na kuanzia siku hiyo isichotewe maji wala kupimiwa unga. Chini weka pumba za mbao au matambara, simamisha chupa wima, jaza matambara pembeni zisigongane. Ikimwagika, inamwagika ndani ya ndoo. Kwenye bodaboda ndoo inafungwa kwa mpira kwenye keria, haipakatwi na abiria. Kwenye basi mwambie konda ukweli kilichomo, ikae kwenye buti mbali na vyakula vya watu. Akikataa kuibeba, ana haki yake. Kwa sababu hiyo nashauri dawa inunuliwe karibu na nyumbani kadiri inavyowezekana, mradi duka liwe limesajiliwa na dawa iwe na lebo ya Kiswahili inayosomeka.

Na tafadhali, usipunguze dawa kwenye chupa ya soda au ya maji ili iingie vizuri mfukoni. Ukifanya hivyo umeondoa lebo, na lebo ndiyo itakayomsaidia mganga. Ikitokea mtu ameramba au kunywa sumu, usimtapishe na usipoteze muda kutafuta maziwa. Mkimbize zahanati au hospitali pamoja na kopo lenyewe. Kama imemwagikia ngozi, vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi na sabuni. Begi lililolowa dawa usiseme utalianika likauke uendelee nalo. Libaki stoo kuwa la vifaa vya kunyunyizia, lisirudi tena kwenye chakula wala nguo.

Nimemaliza hilo. Sasa begi lenyewe.

Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, inayopita hapa kwetu, ilizinduliwa mwaka 2018. Kabla yake, kwenda Dodoma ilikuwa safari ya vumbi na kukwama, na mtu alifungasha kama anahama, maana hakuwa na hakika atalala wapi. Leo kutoka Kondoa mjini hadi Dodoma ni kama kilomita 160 za lami. Ukiwahi basi la asubuhi, shughuli nyingi unazimaliza mchana. Lakini ukisimama stendi utaona watu bado wanafungasha kwa barabara ya zamani: lile begi kubwa la mistari tunaloliita shangazi kaja, limejaa nusu, lina shuka mbili na sufuria, na mwenyewe analala usiku mmoja kwa ndugu yake. Shangazi kaja ni zuri kwa kuhama au kupeleka mtoto bweni. Kwa safari ya siku moja na usiku mmoja ni adui yako. Halina mifuko ndani, zipu yake ni nyepesi, na kwa kuwa lina nafasi utaijaza tu.

Begi la safari ya kwenda na kurudi lisizidi ujazo wa debe moja. La kulala usiku mmoja au mbili, debe moja na nusu, yaani kama lita 30. Kama unaweza kununua moja tu, nunua hilo la debe moja na nusu, lakini lenye mikanda ya pembeni ya kulikaza likiwa na vitu vichache. Begi linalopwaya mgongoni juu ya pikipiki linakuvuta nyuma kila mnapopanda mlima, na njia zetu za milima ya Irangi mnazijua.

Nikiwa sokoni nachagua hivi. Kwanza zipu. Naivuta mara kumi huku na huku, hasa kwenye kona. Kama inashikashika ikiwa mpya, vumbi la kwetu litaiua mwezi wa kwanza. Mabegi mengi mazuri ya mitumba yana zipu zenye herufi YKK, na hizo nina imani nazo, ingawa herufi hizo nazo zinaigwa. Kisha naligeuza ndani nje na kuangalia mshono wa pale mkanda wa bega unaposhikana na begi. Hapo ndipo mabegi yote hukatikia. Mshono uwe umepita mara mbili au umeshonwa alama ya X. Naangalia kitako kama kina tabaka la pili. Basi.

Watu huniuliza jipya au mtumba. Mimi ni wa mtumba. Begi la shule jipya linalong'aa, lenye picha ya mchezaji wa mpira, kitambaa chake mara nyingi ni chepesi na ndani limepakwa kitu cheupe kinachobanduka kama magamba. Mtumba uliotumika miaka mitano na haujachanika umeshafanyiwa majaribio na mtu mwingine, bure. Ila mtumba wa mabaka ya kijeshi uache hapohapo ulipo. Mwaka 2023 Jeshi lilitoa agizo raia wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zake. Begi la namna hiyo linaweza kukuweka kituoni nusu siku unajieleza, na basi limeshaondoka. Rangi nyingine chagua upendayo, ingawa nyeusi hula joto na nyeupe ukiirudisha kutoka Kolo utadhani ni ya matofali.

Mpaka hapa nimeongea kama vile kila mtu ana mgongo ulio wazi. Akina mama wengi wanaofanya biashara mgongo una mtoto. Mwongozo wowote wa begi unaosahau hilo haujaandikwa kwa ajili ya Kondoa. Mama mwenye mtoto mgongoni anahitaji mkoba wa mkanda mrefu unaokatiza kifua na kukaa ubavuni mbele, mpana wa kutosha nepi, kadi ya kliniki, chupa ya maji na pochi, lakini usiofika magotini. Mkanda uwe mpana vidole vinne, vinginevyo unakata shingo. Mzigo wa pili usiwe wa kubeba mkononi, uwe wa kujitwisha au kupakia. Na kwenye pikipiki, pindo za kanga na ncha za mikanda zifungwe zote. Mkanda unaoning'inia ukimezwa na gurudumu au mnyororo huangusha abiria. Dereva asiondoe pikipiki mpaka umemwambia uko tayari. Bomba la moshi nalo huyeyusha begi la nailoni kwa dakika chache, kwa hiyo begi lisining'inie upande huo.

Sasa ndani ya begi. Niliwahi kusoma habari za marubani wa ndege. Kwa miaka mingi rubani alitembea na mkoba wa ramani na vitabu vya maelekezo. Shirika la American Airlines la Marekani lilipomaliza kuziweka karatasi hizo kwenye tableti mwaka 2013, kila rubani alipunguziwa mkoba uliozidi kilo 15. Nilichopenda kwenye habari hiyo ni tabia yao: kila kitu kina mahali pake na mkono unakifikia bila macho, kwa sababu ukiwa angani huna muda wa kupekua. Wewe kwenye stendi ya Dodoma una hali hiyohiyo. Ukipiga magoti pembeni ya basi, umefungua begi, nguo zimetoka nje na unatafuta tiketi, umewatangazia wote wanaokutazama mahali zilipo hela zako.

Weka hivi. Mfuko wa mbele wa nje: maji, kitambaa, na hela ndogo za nauli tu. Mfuko wa ndani unaogusa mgongo: vitambulisho na karatasi. Hela kubwa isiwe kwenye begi kabisa. Iliyo nyingi ibaki kwenye simu, nyingine kwenye kibindo au mfuko wa ndani ya nguo. Bibi zetu na pindo la kanga walikuwa sahihi kuliko pochi zote za dukani.

Karatasi zinahitaji maelezo. Piga picha kwa simu kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima, namba yako ya usajili wa mbolea ya ruzuku na barua ya rufaa kama unakwenda hospitali. Risiti ya EFD ndiyo ya kuwahi zaidi. Karatasi yake ni ya kuchapwa kwa joto, ikikaa kwenye begi lililopigwa jua inafifia mpaka inabaki nyeupe. Mbegu zisipoota, risiti na mfuko wenye lebo ya TOSCI ndivyo ushahidi wako wa kurudi dukani. Mkulima anayekuja ofisini kwangu na karatasi nyeupe namsaidiaje? Picha ipigwe palepale kaunta. Karatasi halisi ziende kwenye faili la plastiki lenye kifungo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya rambo imepigwa marufuku, na ile mifuko mbadala tunayopewa madukani haizuii mvua. Kama una mfuko wa kuhifadhia nafaka, ule wenye plastiki mbili ndani, na plastiki mojawapo imeshatoboka, usiitupe. Haifai tena kwa mahindi maana hewa inaingia, lakini ukiikata sehemu nzima unapata kipande kigumu cha kufungia nguo na karatasi ndani ya begi. Ya mfuko wa mbolea usiitumie kwa nguo wala chakula.

Mbegu: pakiti za kilo 2 zikae katikati ya begi, zimezungukwa na nguo, zisikae karibu na injini wala kwenye begi lililoachwa juani. Joto huua uotaji kabla hujafika shambani, kisha lawama inakwenda kwa kampuni. Chanjo ya kideri aina ya I-2 inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, lakini haivumilii jua. Ifunge kitambaa kibichi, iweke kwenye chupa ya chai yenye vipande vya barafu, isimame wima. Chupa hiyo ikaushe na iweke alama, isirudi kwenye chai. Na chanjo isikae jirani na dawa ya wadudu hata kwa dakika tano.

Kwa usiku mmoja unahitaji nini? Nguo ya kubadilisha, kanga au shuka nyepesi, ndala, mswaki, kipande cha sabuni, chaja, tochi. Mwezi wa sita na wa saba ongeza sweta. Mwenye dawa za presha au sukari abebe za siku tatu hata kama analala moja, na zikae kwenye begi la mtu, zisiingie buti. Hayo yanatosha. Ndugu unayemfikia ana sufuria.

Akina mama wajawazito huandaa begi la kujifungulia mapema. Kliniki inawakumbusha, vitu vinanunuliwa kidogokidogo, begi linawekwa mahali panapojulikana na watu wote wa nyumba. Sioni kwa nini kaya nyingine isifanye hivyo kwa safari ya ghafla. Mgonjwa akipewa rufaa kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma, ndugu huanza kukusanya vitu usiku, na kinachosahaulika huwa ni kadi, chaja na dawa anazotumia kila siku. Begi likiwa tayari na nguo moja, sabuni, faili na chaja ya ziada, mnabaki kutafuta nauli tu, na hiyo peke yake ni kazi tosha.

Mfanyabiashara, wewe nimekuacha mwisho kwa sababu kwako ni rahisi kusema na vigumu kutii. Bidhaa unazonunua Majengo au Sabasaba zisiingie kwenye begi lako. Najua unaona gharama ya kusafirisha mzigo pembeni. Lakini ukishabeba dazeni za sabuni na betri mgongoni, huwezi tena kulinda hela yako wala kuwahi basi, na begi la mtu linachanika kwa kazi ya kiroba. Nunua kiroba kizuri, bidhaa nzito chini, shona mdomo kwa sindano ya magunia, usiufunge fundo. Andika jina lako, kituo unachoshukia na namba ya simu kwenye kipande cha kitambaa kwa kalamu isiyofutika na ukishonee pande mbili, maana karatasi ya gundi inabanduka kwa vumbi. Andika pia idadi: 1 kati ya 3, 2 kati ya 3. Konda akishusha viwili utajua papo hapo. Dai risiti ya mzigo, nayo piga picha. Sabuni na mafuta ya taa visilale kiroba kimoja na unga. Mteja wako wa chapati ataacha kuja bila kukwambia sababu.

Ukirudi nyumbani, kabla ya kusalimiana sana, ndoo ya sumu iende moja kwa moja stoo inayofungwa, juu, mbali na nafaka. Nawa mikono kwa sabuni. Hapo ndipo uwape watoto begi wapekue. Jumapili ligeuze ndani nje, likung'ute vumbi kwenye zipu kwa mswaki wa zamani, pitisha kipande cha mshumaa kwenye meno yake, lianike kivulini. Kama halina mfuko wa ndani wa karatasi, lipeleke kwa fundi cherehani yeyote wa mnadani na kipande cha turubai laini cha kipimo cha daftari kubwa. Mwambie aushone upande unaogusa mgongo, mdomo ukielekea juu, na aweke kifungo badala ya zipu.